Mkono wa Papa Uliobaki Nje ya Picha

Ilianza siku ya Ijumaa, saa tatu na robo asubuhi, mwezi ule wa baridi. Tulikuwa kwenye somo la jiografia. Prefe, mkuu wa shule, alichungulia mlangoni, akatazama saa yake ya mkononi kama mtu aliyeibiwa kitu, akasema, "Mwadi, beko banakuita kwenu. Banasema ni mapasa."

Darasa zima likacheka. Mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Mapasa? Papa yako iko na nguvu, maman!" Mimi ni mtu ambaye hata jina langu likiitwa asubuhi naitikia chini chini. Nilikusanya vitabu, nikatoka nikiangalia viatu vyangu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sasa niko mwaka wa mwisho wa sekondari, na watu wa Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, wakizungumza juu ya siku ile, wanazungumza juu ya picha. Mimi nataka kuandika yaliyokuwa kabla ya picha, na yaliyokuwa pembeni yake.

Kelele za kwetu zilinifikia kabla sijaliona lango. Kwetu, watu waliotoka kaskazini na kufuata kazi ya reli, watoto mapasa, yaani mapacha, hawapokelewi kimya. Wanaimbiwa. Na nyimbo zenyewe ni za matusi: wazazi wao wanatukanwa mchana kweupe, mbele ya majirani, na hawaruhusiwi kukasirika. Watu wanavaa majani kichwani. Wanapakwa pemba, ule udongo mweupe, usoni na mikononi. Baba anakuwa Shamapasa, mama anakuwa Inamapasa, na kwa siku hiyo hakuna mwenye heshima.

"Shamapasa mulafi, weee! Mumoja hakukutosha!"

"Tumbo ya Inamapasa ni vago ya reli! Inashusha bantu babili stasio moja!"

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, amechoka, anacheka, mapasa wenyewe mikononi, Kyungu upande huu na Kabange upande ule. Papa alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika mchi wa kinu kama mkuki, anacheza kwa mabega tu. Papa alikuwa fundi kwenye karakana ya reli kama baba yake kabla yake, mtu wa maneno machache. Kumwona na majani kichwani ilikuwa kama kumwona padri anapanda mti.

Kambo, mama yake Papa, aliniona. Mimi nimebeba jina lake, kwa hiyo kati yetu tunaitana Majina.

"Majina! Ulikuwa unatembea ama unatambaa? Pemba inakauka!"

"Kambo, nibadilishe nguo kwanza."

"Nguo ya nini? Mapasa haingojake nguo!"

Akaniwekea bakuli mikononi. Hiyo ndiyo sababu niliitwa shuleni. Bakuli la pemba hushikwa na binti mkubwa wa nyumba, si mwingine. Yeye ndiye anayewapaka wote, kuanzia wazee mpaka wanaonyonya. Yeye mwenyewe anabaki safi mpaka mwisho. Mwisho kabisa Shamapasa anachukua pemba iliyobaki kwa vidole viwili na kumpaka binti yake, na hapo ndipo wanakula. Kwa hiyo nilisimama katikati ya watu weupe na sare yangu ya shule, shati jeupe, sketi ya bluu, na sweta ya bluu juu kwa ajili ya baridi.

Niliwapaka wote. Nilimpaka na Laeti.

Laeti ni binti wa kaka mkubwa wa Papa. Walikaa Kipushi, wakaja na basi la alfajiri yeye na mama yake, ambaye namwita Mama Mukubwa. Laeti, ambaye kwa ukubwa wake namwita Yaya, alinizidi miaka mitatu na kila kitu kingine. Akiingia mahali, viti vinageuka. Ukitazama picha zilizotundikwa sebuleni kwetu, ubatizo, ndoa, komunio yangu mimi mwenyewe, katikati yuko Laeti. Wivu wangu haukuanza siku ile. Ulikuwa mkubwa tayari, ulikuwa unavaa viatu namba moja na mimi.

Kitu kimoja tu hakuwa nacho. Papa aliniita Mama, kwa sababu ya jina la mama yake. Laeti aliwahi kumwambia, "Papa, na mimi unipe jina." Kwetu ndugu wa baba yako ni baba yako, alikuwa na haki ya kusema Papa. Papa akafikiri, akamwambia, "We ni Bibi Kipushi." Watu walicheka. Nilifurahi wiki nzima.

"Mufungue meno, banangu! Hii haiko foto ya passeport!"

Huyo alikuwa Pitchou, mpiga picha wa mtaa, mwenye kibanda chake kando ya barabara. Hakuna sherehe Katuba iliyopita bila Pitchou kupiga magoti kwenye vumbi. Alitupanga: Laeti mbele, mdomo wazi, anaimba, Papa nyuma yake na mchi, wengine huku na huku. Mimi nilikuwa mwisho, upande wa kushoto wa Papa, na bakuli.

"Ule wa bleu-blanc, toka kidogo," Pitchou akasema. "Foto ya mapasa, kila muntu iko na pemba. We uko sawa muntu mwenye kungoja bisi."

Watu wakacheka. Nikaanza kusogea. Kutoka ndiyo kazi ninayoijua.

"Pitchou," Papa akasema. "Uyo ni mama yangu. Bila ye, hakuna foto."

Akanyoosha mkono wa kushoto, mweupe wa pemba mpaka kwenye kiwiko, akanishika bega la kulia. Alinishika kwa nguvu, vidole vyote vitano. "Mama, inua uso."

Nikainua. Pitchou akapiga.

Kwa mara ya kwanza, kwenye picha moja na Laeti, aliyeshikwa alikuwa mimi.

Ni lazima niseme jambo moja juu ya wakati ule. Kwa majuma mengi watu walikuwa wanasema kwamba watu wa porini wanashuka kutoka kaskazini kwa miguu, wanakuja mjini. Karibu hakuna mtu Katuba aliyekuwa amewaona kwa macho. Tuliwajua kwa picha za kwenye simu: majani kichwani, hirizi mikononi, unga mweupe usoni ili risasi zigeuke maji. Siku ile hakuna aliyefikiri kwamba sisi tunafanana nao. Mtu hajitazami mwenyewe wakati anacheza.

Pitchou alirudi kibandani kwake kusafisha picha. Laeti na wasichana wengine wakatoka barabarani wakiimba, kwa sababu mapasa lazima yatangazwe mtaani. Mimi nilibaki. Bakuli halitoki nje ya parseli, ua wa nyumba, kabla ya pemba ya mwisho. Nilisikia sauti ya Laeti ikienda mbali, juu ya sauti zote.

Papa akaja kwangu. Alikuwa anatabasamu. Alinyoosha vidole viwili kuelekea bakuli.

"Sasa zamu yako, Mama."

Mlio wa kwanza tulidhani ni tairi.

Wa pili hatukudhani kitu. Kambo alimvuta Mama na mkeka wake pamoja, mapasa juu yake, mpaka ndani.

Watu wakaanza kukimbia kutoka upande wa reli. Kupitia lango niliwaona wale wa porini, wachache, wanapita mwisho wa avenyu. Walikuwa wembamba. Mmoja alikuwa anachechemea. Walionekana watu waliotembea sana kuliko watu waliokuja kupigana.

Nyuma yao, askari.

"Laeti iko wapi?" Papa akauliza.

Akatazama lango, akatazama barabara.

"Laeti iko wapi?"

Akanigeukia. "Mama, kaa hapo. Usiachilie bakuli."

Akatoka.

Alitoka na majani yake kichwani, na pemba yake usoni, na mchi mkononi. Hakukumbuka kuvua. Nani angekumbuka?

Laeti aliingia akikimbia, amepoteza kiatu kimoja. Papa alikuwa nyuma yake, hatua chache.

Kisha hakuwa nyuma yake.

Mpaka leo hakuna anayejua risasi ile ilitoka kwenye bunduki ya nani. Nimesikia wanaodai wanajua. Hawakuwepo.

Nilikuwa bado nimeshika bakuli. Na kitu cha kwanza kilichokuja kichwani mwangu hakikuwa kwamba Papa amekufa. Niliwaza: amemfuata yeye. Mimi nimeambiwa nikae.

Milio ilipokwisha, gari lilipita kuokota waliolala barabarani. Wote waliokuwa na majani walipakiwa pamoja. Kambo alikimbia nyuma ya gari akipiga kelele, "Uyo ni Shamapasa! Ni Shamapasa!" Neno hilo lilikuwa na maana kwetu tu. Gari halikusimama.

Picha ilitufikia kabla ya jioni. Jirani mmoja alikuja mpaka kwenye ukuta, hakuingia, akamwonyesha Mama Mukubwa simu yake.

Ilikuwa picha ya Pitchou. Laeti mbele, uso mweupe, mdomo wazi, macho makali. Alikuwa anaimba, lakini picha haina sauti, na mdomo wazi bila sauti unaweza kuwa chochote. Nyuma yake Papa, mchi juu. Na mkono wake wa kushoto umenyooka mbali, unafika mwisho wa picha, unakatika.

Bega langu halikuwepo. Bakuli halikuwepo. Mimi sikuwepo.

Chini waliandika kwamba wavamizi wameingia Lubumbashi, na kwamba anayeonekana nyuma ni kamanda wao, anawaonyesha njia.

Nikautazama ule mkono. Bila mimi ulikuwa kweli mkono wa mtu anayeamuru.

Tangu jioni ile picha haikulala. Ilionyeshwa kwenye televisheni za hapa, kisha za nje. Kaka wa rafiki yangu aliyeko Sakania alisema wasafiri wa treni wanaionyeshana. Watu waliomjua Papa tangu utoto wakaanza kusema, "Kumbe." Neno moja tu hilo, kumbe. Mtu aliyewatengenezea mlango, aliyewabebea jeneza, lakini picha iko pale, na macho yanaamini kilichowekwa mbele yake.

Kilio chetu hakikuwa na watu. Kwetu mtu akifa, majirani wanaleta viti bila kuombwa, wanalala nje na wewe, wanawasha moto. Tulikuwa sisi tu. Viti vyetu vinne, kimoja kibovu.

Kwenye chumba cha maiti walimkatalia Mama getini, na mapasa mgongoni na kifuani. "Bile bitumbu ni ya baasi," mlinzi alimwambia, maana yake maiti za waasi. "Baasi habatolewake. Batabazika bo bote pamoja." Mama akasema ni bwana yake, fundi wa reli. Mlinzi akatoa simu yake. "Mama, ye uyu haiko bwana yako? Basi. Minaona na macho yangu."

Basi tukajua kitakachotokea. Papa angewekwa kwenye shimo moja na watu asiowajua, bila msalaba, bila jina, na mapasa wangekua wakiitwa watoto wa kamanda.

Na nyumbani, ninaandika kama ilivyokuwa, kila mtu alikuwa anashughulika na Laeti. Laeti afichwe. Laeti asisogee dirishani. Laeti afungwe kitambaa, Laeti anyolewe nywele asijulikane, Laeti apelekwe kwa shangazi yake Kasenga avuke mto, atoke nchini. Mama Mukubwa alikuwa anamlisha kwa mkono. Kambo alimlaza kifuani. Alikuwa anatetemeka kweli, sisemi alikuwa anaigiza. Lakini nilikaa kwenye kona na sweta yangu, ambayo sikuwa nimeivua tangu Ijumaa, na nikawaza: mimi hata kufichwa sifichwi. Aliyekufa ni baba yangu, na ambaye anapewa maji ya sukari ni yeye. Hata kwenye uongo, mwenye nafasi ni yeye.

Wivu huo ndio ulionitoa nje. Ningependa kusema ni ujasiri. Ilikuwa kwamba nilitaka kujua nani alinitoa kwenye picha.

Pitchou alikuwa amejifungia kibandani. Niligonga mara mbili. Nikasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi, wa bleu-blanc." Akafungua kidogo.

Alikuwa amevimba macho. "Maman, sikumaanisha," akasema kabla sijauliza. "Mi nakatakaka foto zote. Kama muntu anaharibisha pembeni, minakata. Uso yako haikukuwa na pemba. Minaona foto ikikatwa inakuwa muzuri, minatuma ku groupe yetu ya bafotografe, baone kazi. Bakati ile risasi haiyalia. Kisha muntu moja anaichukua, sijue nani, anaweka bile maneno. Mi sikuandika ata neno moja."

"Ile nzima iko?"

"Iko."

Alinionyesha kwenye kamera. Nilikuwepo. Mdogo, mweusi katikati ya weupe, sare ya shule, bakuli mbele ya tumbo, uso juu. Na mkono wa Papa haukuwa unaelekeza popote. Ulikuwa umefika.

"Papa Pitchou, tuende kule kwenye maiti."

"Mi? Bataniuliza nani alituma!"

"Basi nipe mimi niende peke yangu."

Akanitazama. Nadhani alikuwa hajawahi kusikia nikisema sentensi mbili. Akatoa picha kwenye mashine yake, kubwa, ile ya kutundika ukutani. Kisha akavaa kofia. "Tuende," akasema. "Lakini mi nabaki nyuma yako."

Mlinzi alikuwa yule yule. Pitchou alibaki nyuma yangu kama alivyoahidi. Nilinyoosha picha kwa mikono miwili. Mlinzi akaitazama, akaita mkubwa wake, mtu mzee kidogo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mkubwa akachukua simu ya mlinzi, akaiweka juu ya meza, akaweka picha yangu pembeni yake. Alisogeza moja, akasogeza nyingine. Akaweka kidole kwenye mkono uliokatika kwenye simu, akakipitisha mpaka kwenye karatasi, mpaka kwenye bega.

"Uyu wa bleu-blanc ni nani?"

"Ni mimi."

"Sema kwa nguvu."

"Ni mimi. Uyo ni Papa. Ilikuwa mapasa."

"Geuka."

Sikuelewa. Akaonyesha kwa kidole. Nikageuza bega la kulia. Juu ya sweta ya bluu, imekauka, ilikuwa pale: vidole vinne nyuma, kidole gumba mbele. Mimi mwenyewe sikuwa nimeiona. Nani anajitazama bega?

Mzee akavua miwani. Nikasikia Pitchou analia nyuma yangu.

"Kwetu pia bako napakaka pemba," mzee akasema polepole. "Mi minaona ile foto, na sikukumbuka kwetu. Mwambie mama yako akuye kubeba muntu wake."

Walimleta na pemba yake bado usoni. Kambo akasema aliyepaka ndiye anayefuta, hiyo ni kazi ya mwenye bakuli. Laeti alitaka kushika kitambaa. Kambo akamwambia, "Haiko yako." Nilimwosha Papa uso, taratibu, kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya pua. Niseme ukweli wote: katikati ya huzuni ile kulikuwa na sehemu ndogo iliyofurahi kwamba Laeti amesimama na mimi ndiye niliyeinama.

Tulimzika siku iliyofuata. Majirani walikuja, baadhi yao. Walileta viti. Hakuna aliyesema samahani. Waliketi tu, wakawasha moto, na kwetu hiyo inatosha kidogo.

Kisha akaja mwandishi wa habari wa nje, mama mmoja mpole mwenye kamera kubwa, na kijana wa kumtafsiria. Alikuwa amesikia kwamba picha ile haikuwa ya vita. Alitaka kusahihisha. Aliuliza, "Msichana wa kwenye picha yuko wapi?"

Mama Mukubwa alimsukuma Laeti mbele, kitambaa kikavuliwa.

"Na mwenye bakuli?" Kambo akasema. "Binti wa marehemu ni uyu hapa."

Kijana akatafsiri. Mwandishi akanitazama, akatazama picha nzima ya Pitchou, akatikisa kichwa kwa heshima. Alielewa kila kitu. Akaongea maneno mengi, na kijana akayafupisha: "Anasema anasikia sana uchungu wako. Lakini bantu banajua uso ya uyu mwengine. Kama anabaonyesha uso mupya, habatajua kama ni ile histoire. Bataona ni mambo ingine, batapita."

Ni kweli. Nimefikiri miaka hii yote, na bado nadhani ni kweli. Ndiyo maana sikuweza hata kumkasirikia.

Alimpiga picha Laeti kando ya msalaba, amembeba Kyungu. Kabange alikuwa mikononi mwangu, hatua moja nje. Picha ilipotoka, iliandikwa kwamba aliyeuawa alikuwa baba wa familia, fundi, si mwasi, na kwamba binti yake anamlilia. Binti mwenyewe ni Laeti. Mtoto ni mmoja. Watu wengi waliolia kwa ajili ya picha ile hawajui mpaka leo kwamba walikuwa mapasa.

Usiku wa habari hiyo nyumba ilijaa. Simu ilipita mkono kwa mkono. Watu walimwambia Laeti pole, pole sana kwa kufiwa na baba, na yeye akaitikia asante, na alikuwa analia machozi ya kweli, na hakuna neno lililokuwa uongo kabisa. Nilipitisha chai.

Picha ya kwanza ilienda mbio. Ya pili inachechemea bado. Mwaka jana tu, sokoni, mwanamke alimwangalia Kabange akanong'ona na mwenzake, "Ule njo mutoto ya kamanda." Nimejifunza kutogeuka. Papa wetu alipewa heshima yake na nusu ya jiji. Nusu nyingine inamjua kwa mkono unaoamuru. Na mimi, ambaye mkono ule ulikuwa unanitafuta, sipo katika nusu yoyote.

Asubuhi iliyofuata usiku ule wa habari niliamka kabla ya wengine nikachota maji. Kambo alikuwa ameniambia: pemba ya mapasa haiachwi kwenye nguo, watoto wataugua, aliyeshika bakuli afute yote. Ilibaki nguo moja tu. Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma na lile bakuli lenyewe, nikaweka sweta magotini, nikatazama vidole vinne.

Nikasikia Laeti nyuma yangu. Alikuwa na kitenge mabegani, bila viatu. Aliona bega la sweta. Aliona kwa mara ya kwanza, na alielewa haraka, ni mtu mwenye akili. Akatoa simu.

"Mwadi, ngoja. Tuipige foto kwanza. Ibakie."

"Hapana."

"Ni mukono ya Papa! Utakuya kujuta."

"Yaya, hapana."

Nilizamisha sweta. Maji yakageuka maziwa, kisha yakatulia. Laeti aliketi pembeni yangu. Alisema, chini chini, kama ninavyosemaga mimi, "Alikuya kunitafuta, Mwadi. Kila siku minamuona anakuya." Niliwaza tu kwamba yeye anamwona anakuja, mimi namwona anatoka.

Sweta yenye maji ni nzito, huwezi kuikamua peke yako. Alinyoosha mikono. Nikampa mkono wa kushoto wa sweta aushike, na akausokota.

Ule wa kulia, wenye bega, niliukamua mwenyewe.